Waya Nne: Kumbukumbu za Kazi ya Fundi wa Mota, Mbulu na Hanang

Ukinzani ni kiasi ambacho kitu huzuia mkondo wa umeme usipite kwa wepesi, nao hupimwa kwa omu, kizio kilichopewa jina la Mjerumani Georg Ohm, ambaye mwaka 1827 alichapisha kanuni inayoonyesha kwamba volteji ikigawanywa kwa mkondo hutoa ukinzani. Kanuni hiyo ndiyo iliyotawala maisha ya kazi ya mwandishi wa tawasifu hii, fundi wa kusuka mota aliyeanza kazi wakati Mbulu na Hanang zingali wilaya za Mkoa wa Arusha, kabla ya Mkoa wa Manyara kuundwa mwaka 2002.

Miaka hiyo mashine nyingi za kusaga vijijini zilitumia dizeli, lakini Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulipoanza kugharimia upelekaji wa umeme, mashine za mota ziliongezeka, na mota zilizoungua zikaongezeka pamoja nazo. Mota ya fezi tatu ina koili tatu, yaani waya wa shaba uliopakwa vanishi na kusukwa, na koili hizo hupaswa kuwa na ukinzani sawa. Vanishi ikichubuka, mizunguko jirani hugusana, ukinzani wa koili hiyo hupungua kidogo, na joto hupanda hapo mpaka mota iungue.

Upungufu huo mdogo ndio uliomshinda fundi. Mota ya mashine moja ya kusaga, iliyoletwa kutoka upande wa Basotu, ilipimwa kwa multimita ya kawaida, ikasoma omu 0.7 kwa kila koili, fundi akaitangaza kuwa nzima, nayo ikarudi baada ya siku chache ikinuka vanishi iliyopikwa, huku akina mama wa kijiji kile wakilazimika kubeba mahindi hadi kijiji cha pili. Baadaye aligusanisha ncha mbili za waya za multimita yake bila kupima chochote, akaona zenyewe zina omu 0.3. Alikuwa kama mnunuzi mnadani anayepima maharage pamoja na debe, kisha akalipia vyote kwa bei ya maharage.

Dawa ya kosa hilo ilijulikana tangu karne ya 19, William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipobuni saketi ya kupimia ukinzani mdogo, iitwayo daraja, ambayo wazo lake fundi aliweza kulitumia hivi: waya mbili hupeleka mkondo kwenye koili, na waya nyingine mbili, zilizobanwa kwenye koili yenyewe, husoma volteji tu. Kwa kuwa waya hizi za pili hazipitishi mkondo wa maana, ukinzani wake hauongezi kitu kwenye jibu.

Kilichohitajika basi ni chanzo cha mkondo usiobadilika, nacho fundi alikiunda kwa LM317, kidhibiti kidogo chenye miguu mitatu, ambacho hushikilia takriban volti 1.25 kati ya miguu yake miwili. Rizista nne za omu 5, zikiunganishwa sambamba, hutoa omu 1.25, na volti 1.25 zikigawanywa kwa omu hizo hutoa ampea 1, hivyo kila milivolti inayosomwa ni sawa na sehemu moja ya elfu ya omu. Umeme ulitoka kwenye betri ya volti 12, kidhibiti kikafungwa kwenye bati nene la alumini kwa sababu hutoa joto la wati 10 hivi, na mkondo halisi ukahakikiwa kwa ampmita, kwa kuwa vidhibiti hivyo hutofautiana kidogo. Diodi iliwekwa kinyume kwenye ncha za koili, ili kumeza pigo la volteji linalotokea mkondo unapokatwa.

Mota nyingine ya aina ileile ilipofika, nayo ikisoma 0.7 mara tatu kwa multimita, viunganishi vyake vilifunguliwa na kila koili ikapimwa peke yake: ya kwanza milivolti 412, ya pili 413, ya tatu 371. Koili ya tatu ilifumuliwa, na mizunguko iliyogusana ikaonekana kwa macho, myeusi kama masizi ya chungu.

Kazi hiyo ilimfundisha pia kuheshimu hali ya hewa, kwani ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, na koili inayosoma milivolti 412 katika baridi ya asubuhi ya Mbulu, nyuzi 12, husoma karibu 437 mchana nyuzi zikifika 27. Kwa hiyo koili za mota moja hupimwa kwa wakati mmoja, mota ikiwa imepoa.

Fundi kijana anayesoma kumbukumbu hizi anaombwa jambo moja: kabla hajamwambia mwenye mashine kwamba mota yake ni nzima, apime kwanza waya za kipimo chake mwenyewe.