Mtandio wa Marehemu Mama



Wapenzi wasomaji, mwezi mmoja kabla ya harusi ya binti yangu nilifungua kasha la marehemu mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu alipotutoka sikuwa nimelifungua zaidi ya mara mbili, kwani harufu ya udi na kafuri iliyomo ilinirudishia sauti yake. Safari hii nilikuwa na haja. Humo mlikuwa na vitu viwili vya thamani: joho jeusi la sufu alilolivaa babu siku ya harusi yake, na mtandio wa hariri wa rangi ya zafarani ambao mama aliuvaa siku ya kupambwa kwake, nami nikauvaa siku ya kupambwa kwangu. Niliazimia sasa umfikie mjukuu.

Joho nililikuta limeliwa. Nilipolinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, mgongo wake wote ulikuwa matundu matundu kama chekeche. Mtandio ulikuwa umesalimika. Nikamwita binti yangu, ambaye anasomea elimu ya viumbe chuoni, nikautandaza magotini pake. Aliupapasa kitambo, kisha akaukunja vizuri na kuurudisha mikononi mwangu.

"Mama, naomba radhi yako. Huu sitaweza kuuvaa. Wadudu waliofanya uzi huu waliuawa kwa maji ya moto, wakiwa ndani ya nyumba walizojijengea wenyewe."

Sikumjibu. Niliona kana kwamba hakukataa kitambaa, bali alimkataa mama yangu. Siku tatu tulisemezana ya jikoni tu. Usiku wa tatu nilijiuliza swali lililonifedhehesha: miaka yote hii nimejisifu kwa mtandio ule, je, najua ulitoka wapi? Nilijua thamani yake. Asili yake sikuijua.

Nakiri kwamba nilitamani uwe hariri bandia, ili mgogoro uishe. Nikavuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo, nikaushika kwa kibano juu ya beseni la maji, nikauwashia kiberiti. Uzi wa plastiki ungeyeyuka, ungenuka kama mfuko unaoungua na kuacha kidonge kigumu. Uzi wa pamba ungenuka karatasi. Huu ulinuka nywele zilizoungua, ukazimika wenyewe nilipoutenga na moto, na majivu yake yakasagika vidoleni. Ilikuwa hariri ya kweli. Nikafanya vivyo hivyo kwa uzi wa joho la babu, harufu ikawa ile ile, kwani sufu na hariri zote mbili zimejengwa kwa protini, kama nywele na kucha zetu. Na hiyo ndiyo sababu viwavi wa nondo wa nguo hulila joho: kwao ni chakula.

Kuhusu sufu nilikuwa na kumbukumbu yangu. Nilipokuwa mdogo baba alifanya kazi bara, na likizo moja alitupeleka shamba moja karibu na Molo, ambako baridi ya asubuhi ilitufanya sisi watoto wa pwani tukumbatiane. Siku hiyo kondoo walikuwa wakinyolewa. Mnyoaji alimkalisha kondoo kwa matako, akambana mgongo katikati ya magoti yake, na mnyama akatulia. Makasi yakaanza tumboni, yakapita ubavuni, yakazunguka mgongo, na manyoya yakatoka yameshikana kama blanketi moja zito. Kondoo alipoachwa alisimama mweupe na mwembamba, akajikung'uta, akawakimbilia wenziwe malishoni. Mwaka uliofuata angenyolewa tena.

Manyoya yale yananata mafuta. Huoshwa, na mafuta hayo, yaitwayo lanolini, hayatupwi. Ndiyo yanayotiwa katika krimu nyingi za ngozi, zikiwemo zile wanazopaka akina mama wanyonyeshao chuchu zinapopasuka. Kisha sufu huchambuliwa, husokotwa uzi na kufumwa. Kila unywele wake una mikunjo midogo inayoshika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayohifadhi joto la mwili. Tena sufu hunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla ya mkono kuhisi kwamba imerowa. Vilemba vizuri vya Waomani hufumwa kwa manyoya laini ya mbuzi wa Kashmir, na mbuzi hao huchanwa tu msimu wanapopukutisha manyoya ya baridi.

Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Mola wetu anazitaja sufu, manyoya na nywele za wanyama miongoni mwa neema alizotujaalia tuzitumie kwa muda. Neno hilo, kwa muda, lilinijia nilipokuwa nimelishika joho lenye matundu.

Hariri ina habari nyingine. Kiwavi wa hariri huanguliwa akiwa mdogo kama sisimizi, na chakula chake ni majani ya mforosadi. Hula usiku na mchana kwa muda wa karibu mwezi mmoja, akijivua ngozi mara nne, hata afikie urefu wa kidole. Kisha huacha kula, akatoa ute mdomoni unaoganda uwapo hewani, na kwa siku mbili tatu huuzungusha mwili wake uzi huo, kichwa kikienda huku na huku mfano wa mtu aandikaye tarakimu 8. Anapomaliza amejifungia ndani ya kifuko kidogo kama yai la njiwa. Uzi wa kifuko hicho ni mmoja usiokatika, na aghalabu urefu wake hupita mita 600.

Humo ndani kiwavi hugeuka kuwa nondo. Akiachwa atoke, hulainisha ncha ya kifuko na kupenya, na uzi ule mrefu hukatika vipande. Kwa hiyo wenye kazi hiyo humwua mapema kwa mvuke au kwa joto, kisha vifuko hutiwa katika maji ya moto ili gundi ilegee, ncha ya uzi itafutwe, na nyuzi za vifuko kadhaa zivutwe pamoja, kwa kuwa uzi mmoja ni mwembamba mno. Kilo moja ya hariri huhitaji maelfu ya vifuko. Binti yangu hakukosea hata neno moja.

Wachina ndio walioanza kazi hii maelfu ya miaka iliyopita. Sisi watu wa pwani nasi tulikuwa na sehemu yetu. Katika karne ya 16 Wareno walipofika Pate waliandika habari za vitambaa vya hariri vilivyofumwa hapo na kutafutwa katika miji mingine ya pwani. Nilipoyasoma hayo nilifurahi kwamba mikono ya wazee wetu ilikuwa hodari, lakini furaha ile haikujibu swali la mwanangu.

Nililifikiria pia lile tunalolijua sote tangu chuoni kwa maalimu, kwamba hariri imeharamishwa kwa wanaume wa umma huu na kuhalalishwa kwa wanawake, na kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam waivae kwa sababu ya muwasho wa ngozi. Hukumu zina wenyewe, nao ni maulamaa wetu. Mimi ni mama tu. Lakini nilijiambia: halali niliyopewa si ruhusa ya kughafilika. Dini iliyotuamrisha ihsani hata tunapochinja haiwezi kukasirishwa na binti anayeuliza mdudu aliuawaje.

Usiku wa nne nilikwenda chumbani kwake, nikamwambia, "Mwanangu, ulisema kweli. Kilichoniuma ni bibi yako, si maneno yako." Alilia, nami nikalia. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Huko Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kiliwafunza wanakijiji kukusanya vifuko vya nondo wa mwituni ambaye viwavi wake hula majani ya migunga. Vifuko huchumwa nondo akishatoka na kwenda zake. Uzi huwa umekatika, basi husokotwa kama pamba, na kitambaa chake hakina mng'aro ule wa rangi ya zafarani, lakini ni hariri, na mwenyewe ameachiwa uhai wake.

Hatukukubaliana jambo lolote usiku ule. Niliurudisha mtandio kashani, na moyoni nikamsamehe mapema, iwapo asingeuvaa.

Siku moja kabla ya kupamba aliniomba funguo. Akautoa mtandio, akaupeleka barazani kwenye hewa, akaniambia, "Mama, wadudu hawa walikufa kabla sijazaliwa. Tukiuacha uliwe kashani kama joho la babu, watakuwa wamekufa bure. Nitauvaa. Lakini kingine cha namna hii usininunulie." Nikamwahidi.

Aliuvaa. Waliomjua mama walipomwona akitoka chumbani walinyamaza, kisha vigelegele vikapanda.

Tangu hapo nimebadilika katika mambo machache, nanyi dada zangu nawausia hayo. Kitambaa king'aacho dukani si hariri kwa sababu muuzaji amekiita hariri; ombeni uzi mmoja wa pindoni mkaujaribu kwa moto, kwa hadhari na mbali na watoto. Vazi la sufu au hariri lisiingizwe kashani na jasho, kwa maana viwavi hupenda palipochafuka. Lifuliwe taratibu kwa maji yasiyo moto, likauke kivulini, na kila baada ya miezi michache litolewe, likung'utwe na kupigwa na hewa. Lililotoboka lisitupwe. Joho la babu nimelikata mahali palipo pazima, nikashona mito miwili. Mmoja uko barazani kwetu, na mwingine ameondoka nao bibi harusi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzijua neema zake na kuzishukuru, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na awape watoto wetu nyoyo zinazouliza kwa adabu. Amin.