Kidole cha Bibi na Maksi 40

Draiva ni mkalimani. Hiyo ndiyo maana rahisi ninayoweza kukupa wewe msomaji wa riwaya na mashairi, ambaye huenda hujawahi kujali kinachoendelea chini ya kibodi yako. Kompyuta ina lugha yake, kifaa kilichounganishwa nayo kina lugha yake, na katikati lazima awepo wa kutafsiri. Asipokuwepo, kifaa kinakaa palepale, kizima kabisa lakini bubu, kama mgeni aliyeshuka stendi bila kujua Kiswahili wala Kinyakyusa.

Mgeni wangu mimi alikuwa kisoma alama za vidole: kijidude cheusi, kidogo kama stempu, kando ya kibodi ya laptopu iliyotumika niliyoinunua Mbeya. Naishi Makwale, wilayani Kyela, kwa bibi yangu, na kazi yangu ni kuwafanyia watu shughuli za kompyuta: fomu za maombi, barua, mahesabu ya vikundi vya kuweka na kukopa. Natumia Linux kwa sababu ni ya bure. Huko Linux, kazi ya kusoma vidole hufanywa na programu iitwayo libfprint, ambayo Daniel Drake aliianza mwaka 2007 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Watu wengi wameiongezea draiva za vifaa vingi tangu hapo. Changu hakikuwemo. Kiwanda kilichokitengeneza kilitoa draiva ya Windows tu, na maelezo ya jinsi ya kuzungumza nacho hakikumpa mtu.

Basi kilichobaki ni kusikiliza. Nikaiwasha Windows ndani ya Linux, kama chumba ndani ya nyumba, nikaikabidhi kile kisoma alama, halafu nikategesha programu ya Wireshark inase kila kinachopita kwenye njia ya USB. Nikaweka kidole, nikaondoa, nikaweka tena. Kwenye kioo zikashuka safu za tarakimu, kurasa kwa kurasa, bila neno hata moja.

Nadhani wapenda vitabu mngeifurahia hatua hii. Ni kusoma lugha usiyoijua, bila kamusi wala mwalimu. Unachokuwa nacho ni marudio. Hiki kimejirudia mara ngapi? Huja kabla ya nini? Huku kwetu mtu haanzi habari bila salamu, na salamu zetu hazina haraka. Nikagundua kile kifaa nacho kina tabia hiyohiyo: kila mara Windows ilianza na jumbe fupi zilezile, kwa mpangilio uleule, na kila moja ikajibiwa kabla ya nyingine kutumwa. Ruka moja tu, kifaa kinanuna. Ilinichukua wiki mbili kuandika salamu hizo katika programu yangu mwenyewe, usiku, umeme unapokuwepo.

Baada ya salamu ulikuja ujumbe mrefu, na urefu wake ulikuwa baiti 9,216 kila mara. Niliutazama siku nzima kabla ya kukumbuka hesabu ya shule: 9,216 ni 96 mara 96. Yaani ni picha ya mraba, kila baiti ni nukta moja, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi hadi 255 ambayo ni nyeupe. Nilikuwa na bahati, maana visoma alama vingi vya siku hizi husimba mazungumzo yao, na vingine hulinganisha vidole humohumo ndani na kutoa jibu la ndiyo au hapana tu. Changu ni cha zamani, na kilikuwa kinasema wazi.

Picha ya kwanza ilikuwa michirizi mitupu. Nikapiga nyingine bila kidole, nikaitoa hiyo tupu kwenye ile yenye kidole, nukta kwa nukta. Hapo dole gumba langu likajitokeza: mistari iliyopinda, kama matuta yaliyolimwa kufuata mlima. Nilimwita Bibi aje aone. Alitazama, akasema, "Ndaga. Sasa kinakufaa nini?"

Swali la Bibi lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Picha peke yake haimtambui mtu. Kwa vifaa vya aina ya changu, libfprint hutumia programu zilizotoka NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Moja hutafuta mahali mstari unapokatika na mahali unapogawanyika kama njia panda. Nyingine huchukua njia panda za kidole kilichosajiliwa na za kidole kilichopo sasa, inazilinganisha, halafu inatoa maksi. Maksi hizo si asilimia, ni hesabu ya ulinganifu tu. Ndani ya libfprint kuna kizingiti cha kawaida: 40. Ukifikisha, wewe ni wewe. Ukipata 39, hujulikani.

Nilipouona mstari huo nilisimamisha kazi. Nilikuwa nimeishi na jambo hili nyumbani tangu 2019 bila kujua kwamba lina namba.

Mei mwaka ule ndipo usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchini, na ilipofika Januari 20, 2020, laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kufungwa. Ulitakiwa uwe na namba ya NIDA, uweke kidole kwenye mashine ya wakala, na kidole hicho kilingane na kile ulichoacha NIDA. Bibi alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza wakala alimwambia afute kidole. Mara ya pili alimwambia apake mafuta. Mara ya tatu hakumwambia kitu, alimwita tu anayefuata kwenye foleni. Mashine ilikuwa imeandika kwamba mtu huyu hatambuliki.

Msomaji, Bibi yangu amelima kakao maisha yake yote ya utu uzima. Tunda la kakao unalishika kwa mkono mmoja na kulipasua kwa panga kwa mkono mwingine. Mbegu zinatoka na utelezi wake mtamu na mchachu, unazivundika siku kadhaa chini ya majani ya migomba, unazigeuza, unazianika, unazigeuza tena juani. Weka hapo jembe, kuni, na mpunga wa kila msimu. Mistari ya vidole haimalizi miaka hiyo yote ikiwa vilevile. Inasagika, inakatwa na makovu, na ngozi ikikauka inapasuka. Kidole alichoacha NIDA kilikuwa cha mtu aliyeendelea kufanya kazi.

Na tangu mwanzo, alama ya mkono haikuchukuliwa kwa kila mtu sawasawa. Mwaka 1858, huko Bengal, ofisa Mwingereza William Herschel alimtaka mkandarasi Rajyadhar Konai abandike kiganja chake kwenye mkataba, ili aogope kuukana baadaye. Kwa jirani zetu Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyokuja kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha bati. Aliyechukua alama alikuwa na wasiwasi na aliyetoa.

Sasa kizingiti kilikuwa mikononi mwangu. Picha ya kifaa changu ni ndogo, kwa hiyo niliandika draiva inayokusanya vipande huku mtu anaburuta kidole polepole, kisha inaviunga. Kwa kidole changu ilitoa maksi 60 na zaidi. Nikamwomba Bibi. Kidole chake cha shahada kilipata 19, kikapata 31, kikapata 22.

Draiva inaruhusiwa kuweka kizingiti chake yenyewe, na zipo zinazokishusha kwa sababu ya picha ndogo. Nikakishusha hadi 24. Bibi akapita mara moja, akacheka. Mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia naye akaburuta kidole chake. Laptopu ikamkaribisha kwa jina la Bibi.

Ndipo nilipoelewa vizuri. Kizingiti ni mapatano kati ya madhara mawili: kumfungia nje mwenye nyumba, au kumfungulia asiye mwenye nyumba. Ukipunguza moja unaongeza jingine. Ni sawa, lazima mtu achague. Ila kwenye foleni ya wakala hakuna aliyesema kwamba kuna uchaguzi. Jibu lilitolewa kana kwamba limetoka kwenye kidole cha Bibi, wakati lilikuwa limetoka pia kwenye kioo cha mashine, kwenye vumbi lililokuwa juu yake, na kwenye namba aliyoiweka mtu ambaye hajawahi kupasua kakao.

Nilirudisha 40. Nikakaa nafikiria niongeze nini kwenye kuunga vipande, Bibi akiwa bado ameketi pembeni, anauangalia mkono wake.

"Wewe unang'ang'ania hiki," akasema. "Hiki ndicho kimefanya kazi yote." Akanyoosha kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. "Jaribu hiki kivivu."

Tukakisajili kile kidogo. Akaburuta: 47. Akaburuta tena: 52. Mtoto wa jirani akajaribu kwa vidole vyake vyote kumi, akakataliwa na vyote.

NIDA walichukua vidole vyote vya Bibi, na kile kivivu kimo humo. Kwenye mashine ya wakala aliombwa dole gumba na shahada, basi. Sijui lolote ambalo lingezuia mtu kumuuliza, "Mama, kidole gani hakijachoka?" Swali hilo halihitaji draiva.

Katika maelezo ya draiva yangu nimeandika mstari mmoja unaotokea mtu anapokataliwa mara tatu: "Jaribu kidole kingine." Bibi sasa anafungua laptopu mwenyewe kuangalia picha za wajukuu walio Dar es Salaam. Laini yake ya simu mpaka leo inasomeka kwa jina la mama mdogo.