Motokari ya okazio: tutazame nini kabla ya kutoa pesa ya nyumba



Swali moja linarudi mara nyingi katika mikutano yetu: mtu mwenye pesa kidogo anunue motokari gani ndogo ambayo haitamwacha njiani? Sisi walimu watatu, pamoja na baba za watoto wetu, tulipita njia hiyo, kila nyumba kwa wakati wake. Pesa ilitoka kwa likelemba na kwa mahindi ya shamba. Kwa nyumba kama zetu pesa hiyo ni minervali ya watoto, ni dawa, ni mfuko wa unga. Ikiingia katika chuma kibaya, hairudi. Lakini mvua ya mwezi wa kwanza ikianguka, na watoto watatu wamebanana juu ya pikipiki moja kwenda masomo, hakuna mama ambaye moyo wake unatulia. Ndiyo sababu tunaandika.

Tuanze na mfuko. Kabla ya kwenda kutazama, gawanyeni pesa sehemu tano. Nne ni za kununua. Ya tano msiiguse, hata komisionere akilia machozi. Hiyo ni ya makaratasi, ya mafuta ya injini, ya betri na ya pine. Motokari ya okazio inaomba pesa tangu juma la kwanza.

Pili, aina. Chagueni ile ambayo fundi wa mtaa wenu anaijua na ambayo piesi zake zinapatikana sokoni. Motokari ndogo nyingi za hapa zimetoka Japani. Zinashuka katika bandari kama Dar es Salaam ama Durban, zinapita Zambia, zinaingia kwetu Kasumbalesa. Toyota Vitz ilianza kutengenezwa mwaka 1999, Toyota Ist mwaka 2002. Ist hiyo ya kwanza ina injini ya lita 1.3 ama ya 1.5. Ndani ya injini hiyo mna nyororo ya chuma, si mkaba wa mpira ambao ukikatika unaweza kuharibu injini yote. Mwenye watoto wengi atazame Spacio iliyoanza mwaka 2001. Nyingi zina viti vya watu saba, ingawa vile viwili vya nyuma kabisa ni vya watoto. Motokari kubwa inapendeza machoni, lakini esansi yake inakula bukari ya nyumba.

Tatu, macho yenu wenyewe. Kuna wanaosema mwanamke hajui motokari. Mama anayejua kuchagua samaki sokoni kwa kutazama jicho lake anaweza kujifunza haya pia.

Msiamini kilometa zilizoandikwa. Zinarudishwa nyuma kwa urahisi. Tazameni pedali ya fre, usukani na kiti cha shofere. Kama mpira wa pedali umekwisha na kiti kimebonyea, motokari imefanya kazi sana, hata kama inaonyesha kilometa elfu sitini. Vuteni mkaba wa kiti mpaka mwisho: chini yake kuna karatasi ndogo iliyoshonwa yenye mwaka wa kutengenezwa. Kama mikaba yote inaonyesha mwaka 2003 na muuzishaji anasema 2006, mmekwisha kumjua. Juu ya pine tafuteni namba nne za mwisho zilizo ndani ya duara refu. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Pine inaweza kung'aa na kuwa mzee.

Fungueni kapo. Pale kuna kibati chenye namba ya shasi. Kwa Ist, NCP60 ni ile ya lita 1.3, na NCP61 ni ya 1.5. Namba iliyopigwa kwenye chuma ifanane na ya karte roze, herufi kwa herufi. Kama chuma kimekwanguliwa ama kimechomelewa mahali pale, rudini nyumbani.

Mwambieni muuzishaji asiwashe injini kabla ninyi hamjafika. Injini ya moto inaficha ugonjwa. Gusa kapo: iwe baridi. Fungua kifuniko cha mafuta. Ukikuta povu jeupe kama maziwa, pengine mayi yameingia katika mafuta, na hiyo ni kazi ya pesa nyingi. Kisha iwashwe. Moshi wa bluu unasema injini inakula mafuta. Moshi mweupe mzito usiokwisha unasema mayi yanaungua. Moshi mweusi unasema esansi haiungui sawasawa.

Halafu mwende nayo, si mita mia moja tu kwenye lami. Ipandisheni kilima, ipitisheni barabara ya mawe, radio ikiwa imezimwa. Hiyo radio ya Japani haishiki stesheni nyingi zetu hata hivyo, kwa sababu ilitengenezwa kwa kushika kati ya 76 na 90 tu. Sikilizeni chini. Kelele ya ko-ko-ko kwenye mashimo ni amortisere ama rotile. Mahali penye usalama shofere aachilie usukani kidogo na kukanyaga fre: isivute upande mmoja. Baada ya hapo mlipeni fundi wenu, yule asiyejuana na muuzishaji, aitazame nusu saa. Pesa yake ni ndogo kuliko majuto.

Sasa jambo ambalo ni la uhai. Motokari za Japani zina usukani kuume, na sisi tunatembea upande wa kuume wa barabara. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 120, na ninyi mnajua malori ya madini yalivyo mengi pale. Shofere aliyekaa kuume, nyuma ya lori, haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto, na mara nyingi ni mama. Hatuombi kuwa shofere wa pili, lakini tusilale, na tusiseme "pita" kama hatujaona barabara yote. Bora kufika saa moja nyuma. Taa za motokari hizo zimeelekezwa kushoto, zinachoma macho ya wanaokuja. Fundi azirekebishe mapema. Na watoto washuke kwa mlango wa kuume tu. Wa kushoto unafunguka katikati ya barabara. Fungeni ile kufuli ndogo ya watoto iliyo ubavuni mwa mlango.

Tumeacha makaratasi mwisho, kwa sababu ndipo wengi wetu tunanyamaza. Muuzishaji atoe karte roze na makaratasi ya dwani, na akte ya kuuzisha iandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, pamoja na kopi za kadi ya uchaguzi za pande zote mbili. Asiransi ni lazima. Tangu sheria ya mwaka 2015 SONAS si peke yake tena, kwa hiyo mnaweza kulinganisha bei. Lakini jina gani linaandikwa? Mama anachanga likelemba miaka miwili, na karatasi inabeba jina la baba peke yake. Siku ya matanga jamaa wanachukua ufunguo, na mama hana cha kuonyesha. Tumeyaona haya katika mitaa yetu. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa mwezi wa saba mwaka 2016 iliondoa ile lazima ya mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana yake kwa kutia sahihi. Basi zungumzeni nyumbani kwa upole, kabla ya kununua, si baada. Katika nyumba zetu tatu, mbili ziliandika jina la mama. Ya tatu iliandika la baba, lakini akte inasema wazi nani alitoa kiasi gani, na mama ana kopi yake. Hakuna ndoa iliyovunjika.

Mama aliyeona motokari na anataka kwenda kuitazama asiende peke yake. Atuambie kwenye mkutano wa siku ya posho. Tutakwenda wawili pamoja naye, na tutavuta mikaba ya viti vyote.