Maiki Inasikia Kila Kitu

Januari nilikuwa na shilingi 21,000 kwa M-Pesa na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Mama alikuwa amezituma kutoka Voi. Alikopa chama, akaongezea za kibanda chake cha mboga, kisha akaniandikia: "Lipa karo leo leo, zisije zikaliwa."

Nilikuwa nimeacha chuo miezi minane kabla. Mama hakujua.

Deni la mwaka wa pili lilinizuia kufanya mtihani, nikaambiwa nirudie mwaka, na wakati huo vijikazi vya kuandika vilikuwa vimeanza kunilipia nyumba. Sikuamka siku moja nikaamua kuacha. Niliacha kwenda tu. Kila mama alipopiga simu nilisema niko klasi, na uongo ukazoea mdomo.

Sasa mteja mmoja aliyekuwa akininunulia hadithi za watoto akataka nizisome mwenyewe. Hadithi kumi, elfu mbili kila moja. Nikamtumia sampuli niliyorekodi kwa simu. Akajibu: "Hadithi iko poa. Sauti ni kama uko ndani ya sufuria." Nikapiga hesabu ya mtu mwongo: ninunue maiki na pesa za mama, nifanye kazi, nizirudishe, mengine yatajipanga.

Wiki mbili nilisoma habari za maiki kuliko nilivyowahi kusoma chuoni. Dainamiki ndiyo ile ya kanisani na ya MC wa harusi. Ndani kuna koili na sumaku. Sauti inasukuma koili, umeme unazaliwa. Shure SM58, ambayo umeiona mara nyingi hata kama hujui jina lake, iko sokoni tangu 1966. Kondensa nayo ina utando mwembamba sana uliokaa karibu na bamba, na kati yao kuna chaji ya umeme. Ukiongea utando unatikisika, umbali unabadilika, na mabadiliko hayo ndiyo sauti yako. Kwa vile utando ni mwepesi, unashika hata vitu vidogo: mate, pumzi, ile "s" ya mwisho wa neno. Ndiyo maana watu wa studio wanaipenda.

Nyingi zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwa intafesi, kile kiboksi kinachokaa kati ya maiki na laptop. Usiposoma hapo unaweza kufika nyumbani na maiki isiyo na pa kuchomekwa. Za USB hazihitaji kiboksi.

Nikanasa kwenye namba. Rode NT1-A ina kelele yake ya ndani ya desibeli 5. Audio-Technica AT2020 ina 20. Nikaamini maisha yangu yako katikati ya hizo namba mbili.

Luthuli Avenue, muuzaji hakuniuliza bajeti. Aliuliza, "Customer, unarekodia wapi?"

"Kwa nyumba."

"Nyumba gani?"

"Bedsita. Zimmerman."

Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Enda upime kelele na simu leo usiku, halafu urudi tuongee." Sikuwa nimewahi kuona mtu wa Luthuli akifukuza pesa.

Saa nne usiku, dirisha limefungwa, programu ya simu ilisoma desibeli 42. TV ya jirani, mtoto wake, magari ya Thika Road kwa mbali. Simu si kipimo cha maabara, lakini ujumbe niliuelewa. Kelele ya maiki ya 5 na ya 20 zote zingezama ndani ya hiyo 42 yangu. Nilikuwa nataka kulipia ukimya ambao nyumba yangu haina.

Kesho yake alinishauri dainamiki, ila alizokuwa nazo zilitaka kiboksi kando na jumla ikanishinda. Nikachukua kondensa ya USB, ya kusikia zaidi mbele kuliko nyuma. Shilingi 6,800. Nikaigeuza ikaupa mgongo ukuta wa jirani, nikasimamisha godoro mlangoni, nikatundika blanketi nyuma yangu na kuvalisha soksi hanga ili "p" zisilipuke. Trei za mayai usihangaike nazo, hazizuii kelele ya nje. Kinachosaidia ni kusogea. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda kama desibeli 6 na kelele ya chumba inabaki palepale.

Siku ya tatu nikiwa katikati ya hadithi ya sungura, mama akapiga. Nikajibu, nikakata, nikaendelea kusoma.

Usiku nikavaa earphone nihariri. Sungura, sungura, halafu simu inatetemeka mezani. Halafu mimi: "Mama, niko klasi, nitakupigia." Ilikuwa rekodi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilisikia nikimeza mate kabla ya neno "klasi". Nilisikia mtoto wa jirani akilia nyuma yangu, na mafuta yakichacharika kwa sufuria ya mtu. Nilirudia hapo mara nne. Kama maiki ilisikia hayo yote, simu ilisikia nini?

Nikampigia saa tano usiku. Nilimwambia yote, hadi bei ya maiki. Akanyamaza muda mrefu.

"Nilijua tangu Oktoba," akasema. "Klasi gani kila siku kuna mtoto analia na mtu anakaanga?"

"Mbona ukatuma pesa?"

"Nilidhani nikituma utaona haya urudi." Halafu akalia, na sikuwa nimewahi kumsikia akilia. Sikuwa na la kusema. Mwishowe akapangusa pua. "Zilizobaki rudisha sasa hivi. Chama ni Jumamosi."

Nikarudisha 14,200. Hakujibu meseji kwa siku tisa.

Siku hizi narekodi saa tisa usiku, mtaa ukiwa umelala kidogo. Nimemaliza hadithi sita. Mteja hulipa kwa kuchelewa, lakini hulipa, na nimemrudishia mama elfu nne. Kuhusu chuo bado hatujaongea vizuri. Akitaja nanyamaza, nikitaja ananyamaza.

Wiki jana aliniomba nimtumie moja asikie hiyo kitu iliyokula karo. Nikamtumia ya sungura, iliyokatwa vizuri. Akapiga baada ya nusu saa.

"Katikati umekimbia sana. Mtoto hatashika."

"Sawa mama."

"Na huyo jogoo wa mwisho ni wa wapi?"

Nilikuwa nimeisikiliza hiyo rekodi mara kumi na sikuwa nimesikia jogoo yeyote. Nikavaa earphone tena. Alikuwepo, mbali kabisa, nyuma ya neno la mwisho.

"Ni wa hapa ploti, mama."

"Basi soma tena," akasema. "Na usisahau bado ni 2,800."