MALI NA MADENI YA MUME NA MKE

Mwezi huu napenda kunena nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulipita upesi wanapooana, nalo ni habari ya mali na madeni. Twajua sana kupatana juu ya mahari, na nguo za bibi arusi, na chakula cha wageni. Kamati hukutana jioni baada ya jioni, na katibu huandika kila shilingi iliyoahidiwa na kila shilingi iliyotolewa. Lakini wale wawili wenyewe, ambao arusi ni yao, mara nyingi hawaulizani: Una nini? Unadaiwa nini, na nani? Tutakachopata pamoja kitakuwa cha nani? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la arusi tunalo. La nyumba hatuna.

Mimi ni mwalimu, nami nakaa na mume wangu Mbezi Beach, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Wakaao Tangi Bovu, Makonde na Afrikana wajua jinsi viwanja vya huku vilivyopanda bei. Mtu aliyepata kiwanja zamani kwa fedha ya kawaida, leo ana mali ambayo mshahara wake hauwezi kuinunua tena. Kwa hiyo, katika nyumba nyingi za huku, karibu mali yote ya mtu na mkewe imo katika kitu kimoja, yaani nyumba. Na nyumba ina hati moja. Na hati, mara nyingi, ina jina moja. Hapo ndipo shida huanzia.

Nitatoa mfano. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, aliamka asubuhi akakuta watu langoni wanabandika tangazo la mnada. Mume wake alikuwa amechukua mkopo wa kukuza biashara yake ya vipuri, akaweka nyumba rehani, na katika karatasi za mkopo akaapa kwamba hana mke. Biashara ikalegea, marejesho yakasimama. Mama yule alikuja kwangu na cheti chake cha ndoa mkononi, akasema, "Mwalimu, miaka kumi na minne napika katika nyumba hii, na katika karatasi zao mimi simo." Mkopeshaji alipoonyeshwa cheti kile alikubali kurudi mezani. Gari likauzwa, fremu ya duka ikaachwa, deni likalipwa kidogo kidogo, na nyumba ikabaki. Lakini mazungumzo kati ya mume na mke hayakurudi upesi vile. Naye bwana yule hakuwa mlevi wala mhuni. Alikuwa na deni, akaona haya kulisema; siku zilipopita, haya ile ikageuka kuwa uongo.

Sasa na tuone sheria yasemaje. Kwa Tanzania Bara, sheria iliyo kubwa katika jambo hili ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Watu wengi hudhani kwamba mtu akioa, mali zote huchanganyika papo hapo na kuwa za wawili, nusu kwa nusu. Sivyo. Kifungu cha 58 chasema kwamba ndoa peke yake haimbadili mwenye mali: cha mume hubaki cha mume, na cha mke hubaki cha mke, isipokuwa wenyewe wamepatana vingine. Angalieni sana maneno hayo ya mwisho. Sheria yenyewe imewaachia mume na mke mlango wa kupatana, na mlango huo u wazi tangu mwaka 1971; lakini wapitao ni wachache.

Tena sheria ile yasema kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, na kufanya mkataba, na kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Kitu kilichopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa chake, mpaka mwenzake alete ushahidi wa kuonyesha vingine. Kilichoandikwa kwa majina ya wote wawili hudhaniwa kuwa chao sawasawa. Basi jina katika hati si pambo. Ndilo jambo la kwanza atakalolitazama hakimu, na benki, na ndugu wa marehemu.

Juu ya nyumba ya ndoa sheria ina ulinzi wa pekee. Kifungu cha 59 chasema kwamba mwenye nyumba hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani pasipo ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Na yule asiye na jina aweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaongeza nguvu hapo: mkopeshaji wapasa kuuliza kwanza kama mwenzi ameridhia. Tena ikiwa ardhi ni ya jina la mmoja, na mwenzake ameitia kazi ya mikono yake kwa kuitunza na kuiendeleza, huyo naye huhesabiwa kuwa na haki ndani yake. Ndiyo maana cheti cha jirani yetu kilikuwa na nguvu siku ile.

Na madeni je? Hapa ndipo watu hujua kidogo zaidi. Kwa kuwa kila mmoja aweza kufanya mkataba kwa jina lake, deni la mmoja si la mwenzake kwa sababu tu wamelala chini ya paa moja. Lakini yako mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, mke hudhaniwa kuwa na ruhusa ya kukopa kwa jina la mumewe vitu vya lazima, vyake na vya watoto wadogo, kwa kadiri ya uwezo wa mume. Kwa hiyo unga na sabuni vilivyoandikwa katika daftari la mwenye duka si mambo ya mama peke yake. La pili, ndoa ikivunjika na mahakama ikagawa mali, kifungu cha 114 chaagiza yatazamwe pia madeni ambayo mmoja aliyachukua kwa faida ya wote wawili. Sasa nani atathibitisha kwamba mkopo ule wa miaka sita iliyopita ulijenga nyumba, wala haukuliwa ovyo? Asiyeandika atabaki kuapa na kulia.

Yako pia maamuzi ambayo kila nyumba yafaa iyajue. Kwa miaka mingi majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana juu ya swali moja: mke asiye na mshahara, anayepika, kufua na kulea, je, amechangia kupatikana kwa mali? Wengine walisema ndiyo, wengine walisema hiyo ni kazi ya mke tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilitoa hukumu katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ikasema kwamba kazi za nyumbani ni mchango wa kweli, nazo zahesabiwa katika juhudi za pamoja za mume na mke. Hukumu hiyo imewafaa wanawake wengi tangu siku ile. Lakini wengi wanaoitaja hawasemi mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu katika nyumba ile, kwa kuwa ilionekana kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kufanyia shughuli za kuwafaa wote, naye akazitapanya. Mahakama ilipima mchango, ikapima na hasara. Basi katika shauri lile lile mna mafundisho mawili: kazi ya mke ina thamani, na fedha ya pamoja ina hesabu.

Mimi na mume wangu tulipozijua habari hizi tuliamua kukaa na kuandika. Kiwanja alikipata yeye kabla hatujaoana, na hati ni ya jina lake. Nyumba tuliijenga baadaye. Saruji na nondo nyingi zilitoka katika mshahara wangu, na mafundi aliwalipa yeye. Kwa kifungu cha 114, mali aliyokuja nayo mmoja yaweza kuingia katika hesabu ya wote ikiwa imeendelezwa sana na mwenzake au kwa juhudi ya wote. Lakini mume wangu alisema, "Mama, kwa nini tumwachie hakimu kukisia jambo ambalo sisi tunalijua?"

Tulikaa mezani jioni tatu. Jioni ya kwanza, tuliandika mali: nyumba, gari, fedha za akiba, na shamba alilorithi mume wangu kwao. Hilo lilikuwa rahisi. Jioni ya pili, tuliandika madeni, nalo lilikuwa zito. Mimi nilitaja mkopo wangu wa kikoba na mwenzangu niliyemdhamini. Yeye alinyamaza kitambo, kisha akataja fedha alizokopa kwa matibabu ya ndugu yake, ambazo alikuwa akizilipa peke yake asinisumbue. Sikujua habari ile hata siku moja. Nilielewa ndipo kwa nini alikuwa akitembea kwa miguu kutoka kituoni jua likiwa kali. Jioni ya tatu, tulipatana. Shamba la urithi ni lake, maana ni la ukoo. Nyumba ni yetu sawasawa, na jina langu liingizwe katika hati. Mikopo ya zamani kila mmoja ataimaliza ya kwake, ila ile ya matibabu tutasaidiana. Tangu sasa hapana atakayekopa wala kumdhamini mtu zaidi ya kiasi tulichokitaja, pasipo saini ya mwenzake. Kisha tukaenda kwa wakili, akayaandika kwa lugha ya mkataba, tukatia saini mbele ya mashahidi.

Wako watakaosema, "Kuandikiana ni kujitayarisha kuachana." Nami nilisikia maneno hayo, hata kwa watu wa ukoo. Jibu langu ni hili. Sheria haingoji mwandikiane ndipo iwahusu. Ninyi msipopatana, vifungu vile vitasema badala yenu, na hakimu asiyewajua atapima mchango wenu kwa risiti zilizobaki. Tena mapatano hayakungoja talaka yatufae sisi. Yalitufaa jioni ile ile ya pili. Na mikopo midogo ambayo watu wameiita kausha damu hustawi penye siri: mama hukopa ili kulipa kikoba, kisha hukopa tena ili kulipa mkopo, na baba hajui mpaka vyombo vinapotolewa nje, au baba hukopa na mama hajui. Sheria ya mwaka 2018 juu ya huduma ndogo za fedha yataka wakopeshaji wawe na leseni. Lakini leseni haitamwambia mke wako kwamba unadaiwa.

Lakini mkataba nao una mipaka. Hauwezi kumwondolea mzazi wajibu wa kumtunza mtoto wake. Haumfungi mkopeshaji ambaye hakuwa upande wa mkataba. Kwa hiyo majina yaingizwe katika hati, wala yasibaki katika karatasi ya kabatini tu. Tena mapatano ya hila au ya kulazimishana hayana nguvu. Wenzetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, waliandika wazi kwamba wanaotaka kuoana waweza kupatana juu ya mali zao, na kwamba mahakama yaweza kuyatangua mapatano hayo ikiwa yaliletwa kwa udanganyifu au kwa kulazimisha, au ikiwa ni dhuluma iliyo dhahiri. Basi asiletewe binti karatasi ya kutia saini siku mbili kabla ya arusi, wageni wamekwisha kualikwa na shela limekwisha kushonwa. Apewe muda, aisome katika lugha anayoielewa, na awe na mtu wake wa kumshauri.

Kwa walimu wanaofundisha wachumba nina ombi: jambo hili lipewe siku yake katika mafundisho. Kila mmoja aje na karatasi mbili, moja ya alicho nacho na moja ya anachodaiwa, naye amsomee mwenzake kwa sauti. Asiyeweza kuisoma karatasi ya pili mbele ya mchumba wake angali na kazi ya kufanya kabla ya arusi.

Na kwa ninyi mliokwisha oana zamani, hamjachelewa. Toeni hati kabatini, mtazame ina jina la nani. Ulizeni kila mkopo ulichukuliwa kwa ajili gani, na umebaki kiasi gani. Andikeni, mtie tarehe, na mwonane na wakili kwa yale makubwa. Tena mwaka ukigeuka rudieni kusoma, kwa kuwa watoto huzaliwa, wazazi huzeeka, na kazi hukoma. Wawekeni watoto wakubwa karibu wasikie namna baba na mama wanavyohesabiana kwa upole, ili nao wakioana wasione haya kuulizana.