Kiwavi, simu na subira: Darasa la shambani Saza

Wazazi wengi wa zama hizi tuna lalamiko moja: simu imewachukua watoto wetu. Nyumbani kwetu hapa Saza, mkoani Songwe, lalamiko hilo lilikuwapo pia, hadi msimu mmoja wa mahindi ulipotulazimisha, wakubwa kwa wadogo, kuitumia simu hiyo hiyo kwa kazi inayotaka utulivu kuliko kazi nyingi tuzijuazo. Kazi yenyewe ni kupiga picha za wadudu kwa karibu sana, simu ikiwa mkononi, bila stendi ya kuishikilia.

Hatukuianza kwa ajili ya burudani. Tangu mwaka 2017 wakulima wa Tanzania wanapambana na kiwavijeshi vamizi, mdudu mwenye asili ya bara la Amerika. Mahindi yetu yalipofika magotini, majani yalianza kutoboka, na katikati ya kila mmea ulioshambuliwa pakajaa kinyesi mfano wa unga wa mbao uliolowa. Lakini bungua wa mabua naye hutoboa majani, na haifai kununua dawa kwa kubahatisha. Afisa ugani, ambaye huhudumia vijiji vingi, alituomba tumtumie picha mbili: ya kichwa na ya sehemu ya nyuma. Usoni mwa kiwavijeshi vamizi pana alama nyeupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho pana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Picha ikionesha hayo, shaka huondoka. Picha tatu za mwanzo tulizotuma zilijibiwa kwa neno moja: "Haionekani."

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Tulikuwa na lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera ya simu, tuliyoagiza kwa ndugu yetu aliyeko Tunduma. Asiyewahi kuitumia hudhani kwamba kukuza ni kusogea tu. Kumbe kadiri lenzi inavyomkaribia mdudu, ndivyo sehemu inayoonekana bayana inavyopungua, hadi ikawa nyembamba kama ukucha. Uso wa kiwavi ukiwa wazi, mgongo wake ni ukungu. Mgongo ukiwa wazi, uso umepotea. Nayo simu, ikiachiwa ichague yenyewe, hutangatanga kati ya jani na mdudu isijue itulie wapi. Dawa yake ni kubonyeza kioo kwa muda hadi umbali ufungwe, kisha mpigaji asogeze mwili wake taratibu mbele na nyuma, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano, na kubofya pale tu jicho linapoona ukali wa picha.

Ugumu wa pili ni mtikisiko. Lenzi inayomkuza mdudu huukuza pia mtetemo wa mkono, mapigo ya moyo na pumzi. Upepo mdogo usioweza kuzima kibatari hulitoa jani zima nje ya picha. Tuliona kwamba yafaa kupiga goti, kubana viwiko mbavuni, na kubofya mwishoni mwa kutoa pumzi. Lililotusaidia zaidi ni kulishika jani kwa mkono mmoja na kuiegemeza simu juu ya mkono huo huo. Vikitikisika, vinatikisika pamoja, na picha haipotei.

Ugumu wa tatu ni nuru. Jua la mchana hapa kwetu ni kali, nayo ngozi ya kiwavi hung'aa na kuficha alama zake. Tukijikinga kwa miili yetu, kivuli hutia giza na picha huchafuka. Karatasi moja nyeupe ya daftari, iliyoshikwa kati ya jua na mmea, ililainisha nuru kuliko tulivyotarajia. Wa nne ni mdudu mwenyewe, kwani jua likishapanda kiwavi hujificha ndani kabisa ya mmea. Kwa hiyo tulishuka shambani baada ya swala ya Alfajiri, kukiwa na umande na ubaridi, wakati wadudu wengi ni wazito kusogea.

Kazi hii iligawanyika kwa namna ambayo hatukuipanga. Kijana wetu wa kidato cha tatu ana jicho kali, lakini vidole vyake vimezoea haraka. Bibi yake, aliyekulia katika kushona kofia za mkono, macho yamepungua, ila mkono wake haujatikisika hata leo. Basi bibi akashika jani, mjukuu akaegemeza simu juu ya mkono wa bibi.

"Mjukuu wangu, usiikimbize," alimwambia. "Kofia haishonwi kwa mbio."

"Naam, bibi," alijibu, na kwa mara ya kwanza tulimwona akiwa ameshika simu kwa robo saa nzima bila kuhamia kitu kingine.

Muda haukuwa upande wetu. Kiwavi huyu akitoka yaini ana urefu usiofika milimita mbili. Akikomaa hufikia milimita 30 hadi 40, na safari hiyo huimaliza kwa wiki mbili au tatu tu. Alama ya usoni huwa wazi kadiri anavyokua, ilhali dawa humpata vyema akiwa bado mdogo. Kila asubuhi ya picha zenye ukungu ilikuwa na gharama yake katika chakula cha mwaka. Asubuhi ya sita, katika picha zaidi ya arobaini, mbili zilikuwa safi: moja yenye Y, nyingine yenye madoa manne. Jibu lilirudi kabla ya Adhuhuri.

Tuliwaokota viwavi kwa mikono kila alfajiri, na dawa tukaielekeza kwenye mistari iliyoshambuliwa peke yake. Hatukuvuna kama mwaka uliotangulia, lakini tulivuna, alhamdulillahi.

Picha zilitufunza jambo jingine. Miongoni mwa zile zilizoharibika, tulimwona nyigu akiwa na kiwavi mdomoni, na vunjajungu akivizia. Shamba lililonyunyiziwa dawa kila pembe huwapoteza wasaidizi hao. Wapo wapiga picha wanaomweka mdudu kwenye jokofu ili atulie, au kumuua kabisa. Sisi hatukupendezwa na njia hiyo. Mtume (s.a.w.) amepokewa akikataza kuuawa kwa sisimizi na nyuki, nasi tukaona kwamba kiumbe asiyetudhuru hastahili kuteswa kwa ajili ya picha.

Watu wa Saza hawahitaji kufundishwa thamani ya kitu kidogo. Tunaishi katika eneo la dhahabu la Lupa, linalochimbwa tangu miaka ya 1920, ambako riziki ya nyumba nzima huweza kuwa chembe chache zilizobaki chini ya karai. Na jirani yetu, bonde la Rukwa, ni miongoni mwa mazalia yanayojulikana ya nzige wekundu, ambao kati ya mwaka 1930 na 1944 walienea sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika. Mdudu ni mdogo kwa umbo tu.

Kwa wazazi wenzetu, nasaha yetu ni hii: kabla ya kumnyang'anya mtoto simu, mpeni kazi ya kuifanya nayo. Mtoeni nje asubuhi, mumwoneshe jani, na mkae naye mpaka picha itulie. Itachukua muda mrefu, na sehemu kubwa ya faida imo ndani ya muda huo.