Mwanga Uliovikwa Bafta

Kiswahili kina maneno mengi ya nuru kuliko ya vyombo vya kuiongoza. Tuna mwanga na mwangaza, tuna mng'aro na mmweko, na tunaye hata mwanga yule mwingine wa ngeli ya A-WA, awangaye usiku, ambaye kamusi humtenga kwa namba yake. Lakini kile kinachowekwa mbele ya taa ya kamera ili picha ya ndani isiwe na ukali, wapiga picha ninaowafahamu hukiita "kichujio". Neno hilo silikubali, na sababu yangu niliipata Kamsamba, chumbani kwa bibi mzaa baba.

Bibi alitaka picha. Aliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho tu, na alisema wazi kwamba hiyo isije ikawekwa juu ya jeneza lake. "Mume wangu, nipige ningali ninakuona," aliniambia. Miguu haikumruhusu kutoka nje, na dirisha lake ni dogo.

Vitabu vya upigaji picha hushauri taa ielekezwe kwenye dari jeupe ili mwanga urudi ukiwa laini. Dari lipi? Juu yetu palikuwa na bati lenye masizi, na kuta za matofali ya kuchoma zingempaka uso wekundu. Taa ikimlenga moja kwa moja, jasho la bonde la Rukwa lingegeuka madoa meupe kwenye paji la uso, na nyuma yake kingesimama kivuli kikali kama kilichokatwa kwa mkasi.

Nikachukua boksi la viatu, nikalitoboa upande mmoja tundu la kuingiza kichwa cha taa, nikauondoa upande wa pili wote. Ndani nililibandika karatasi ya fedha. Uwazi ule nikaufunika kwa bafta nyeupe, nikaikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Sasa, kichujio huzuia machicha na kupitisha tui. Bafta haikuzuia uchafu wowote. Ni kweli ilikula mwanga, nikalazimika kuongeza nguvu ya taa, lakini hiyo ilikuwa gharama, si kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuichukua nuru iliyotoka kwenye kioo kidogo na kuieneza juu ya kitambaa kizima, hata uso ukaangazwa kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja na kingo za vivuli zikayeyuka. Ndiyo maana nilimwambia mtoto wa shangazi, aliyeishika taa ikiwa imeungwa na kamera kwa waya, asogee karibu kabisa. Boksi likiwa mbali hurudi kuwa nukta, na ukali hurudi nalo. Mimi ningesema *kitandaza*, kwa kuwa nuru hapo hutandazwa kama mkeka. "Kitawanyishi" nacho ni sahihi, ila kinanukia maabara.

Bibi aliipapasa ile bafta.

"Hii si sanda?"

"Ni bafta tu, Bibi."

"Basi imeniona kabla sijaivaa," akasema, akacheka, nami nikabonyeza.

Niliisafisha picha hiyo Tunduma. Mikunjo yote imo, hata ule mdogo wa pembeni mwa jicho ambao kitambulisho kiliufuta. Ameitundika juu ya kitanda, na amekataza isitiwe fremu nyeusi.